Orodha Tupu

Ijumaa moja, saa tisa alasiri, niliiuliza kanzidata swali fupi nayo ikanijibu kwa kunyamaza. Swali lilikuwa hili: ni watoto gani waliotimiza miezi tisa ambao hawana kumbukumbu ya chanjo ya surua? Jibu lilikuwa jedwali lenye vichwa vya safu juu, na chini yake hakuna kitu. Mistari sifuri.

Nilifurahi. Nalitaja neno hilo mapema kwa sababu ndilo lililonisumbua baadaye kuliko msimbo wenyewe. Sikushangaa, sikutilia shaka, nilifurahi. Nilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo ya shahada ya uzamili, na mradi mmoja wa afya ya mama na mtoto ulikuwa umenipa meza karibu na dirisha pamoja na kazi ya kutoa orodha hiyo mara moja kwa mwezi. Orodha huchapwa, hugawanywa kwa vijiji, kisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii huichukua na kwenda nayo nyumba kwa nyumba, wengine kwa baiskeli, wengi kwa miguu, kuwakumbusha akina mama. Orodha tupu maana yake mwezi huo hakuna wa kufuatwa. Nikaandika barua pepe ya mistari miwili: mwezi huu hakuna mtoto aliyekosa, hongereni timu. Msimamizi wangu akajibu kwa alama ya kidole gumba. Nikafunga kompyuta nikaenda kula mishikaki.

Wiki tatu baadaye ikaja simu kutoka kwa muuguzi wa zahanati moja.

“Shikamoo, sista.”

“Marahaba, mwanangu. Hivi mwezi huu mmetusahau? Sijaona orodha.”

“Hapana, sista. Mwezi huu hakuna aliyekosa. Wote wamechanjwa.”

Akakaa kimya kidogo. “Wote wa wapi? Mimi rejesta ninayo hapa mbele yangu. Kuna watoto sijawaona tangu sindano ya wiki ya kumi na nne. Kwenye kijiji hiki peke yake nahesabu saba.”

Jambo la kwanza nililofanya, na sioni fahari kulisema, ni kutafuta mtu wa kumlaumu. Labda makarani hawajaingiza data. Labda tarehe za kuzaliwa zimeandikwa mwezi kwanza siku baadaye, kwa mtindo wa Kimarekani, na nusu ya watoto wamegeuka wachanga. Labda seva. Nilipoteza asubuhi nzima nikikagua kazi za watu wengine kabla ya kufungua ya kwangu. Swali langu, nikiliondolea mapambo, lilikuwa hivi:

SELECT jina FROM watoto WHERE umri_miezi >= 9 AND namba NOT IN (SELECT namba_ya_mtoto FROM chanjo WHERE aina = 'surua');

Hata asiyejua lugha hii anaweza kulifuata. Nipe majina kutoka jedwali la watoto, wale wa miezi tisa na kuendelea, ambao namba zao hazimo katika orodha ya namba zilizopata chanjo ya surua. Nikalikata vipande. Sehemu ya ndani peke yake ilitoa orodha ndefu ya namba, kama inavyotakiwa. Sehemu ya nje peke yake ilitoa watoto wa miezi tisa na kuendelea, mamia. Zote mbili nzima. Nikiziunganisha, sifuri.

Nikachukua mtoto mmoja kati ya wale saba aliosema sista. Yumo kwenye jedwali la watoto? Yumo. Umri? Miezi kumi na mmoja. Yumo kwenye jedwali la chanjo ya surua? Hayumo. Basi ni nani yumo kule na hayumo huku? Hakuna. Niliwahi kusoma kwamba watu wanaoishi jangwani huona maji yasiyokuwepo. Mimi nilikuwa naona mtoto ambaye kila swali la pekee lilikiri yupo, na swali lililojumuisha yote lilimkana.

Nikaandika swali lile kwa njia nyingine, kwa kuunganisha majedwali mawili kwa LEFT JOIN na kuchukua waliobaki bila mwenza. Wakatoka watoto 61. Maswali mawili ambayo kwa Kiswahili ni sentensi ileile, moja likasema 61 na jingine likasema hakuna. Hapo ndipo nilipoacha kuwalaumu makarani. Nikapanga zile namba za ndani kuanzia ndogo hadi kubwa na kushuka mpaka chini kabisa. PostgreSQL ikipanga hivyo huweka visanduku vitupu mwisho. Kulikuwa na kimoja. Nilikuwa nimekipita mara mbili nikidhani ni nafasi tu iliyobaki mwisho wa ukurasa.

Mstari mmoja wa chanjo usio na namba ya mtoto. Ndio ulioifuta orodha nzima.

Watu niliowaeleza jambo hili hawakunielewa mpaka nilipohamia kwenye kamati ya harusi. Mweka hazina ana watu hamsini walioahidi mchango. Simu yake imepokea miamala arobaini. Thelathini na tisa anaijua ni ya nani. Mmoja umetumwa kupitia wakala, na ujumbe unaonyesha jina la wakala na kiasi basi. Mwenyekiti anauliza: nani bado hajatoa? Mweka hazina wa kawaida atasoma majina kumi na moja na kuongeza kwamba mmoja kati ya hawa huenda alipitia kwa wakala, tutaulizana. Lakini tuchukulie kwamba mweka hazina huyu ameapa kutotamka neno asilo na hakika nalo. Anachukua jina la kwanza kati ya yale kumi na moja. Je, nina hakika huyu hajatoa? Hayumo katika wale thelathini na tisa, sawa. Lakini yule asiye na jina? Huenda ndiye. Sina hakika. Anamruka. Jina la pili, vivyo hivyo. La tatu, vivyo hivyo. Anamaliza majina yote bila kumtaja mtu hata mmoja, anafunga daftari, anakaa. Mwenyekiti anatoka kikaoni akiamini wote wametoa, na anakwenda kulipia ukumbi mkubwa zaidi.

Hivyo ndivyo NOT IN inavyofanya kazi inapokutana na NULL, yaani kisanduku kisichojazwa. Kusema namba haimo katika orodha ni kusema ni tofauti na ya kwanza, na ni tofauti na ya pili, na ni tofauti na ya tatu, mpaka mwisho. Ukifika kwenye kisanduku kitupu, mashine haiwezi kusema tofauti wala sawa, inasema haijulikani. Na mnyororo wa “na” wenye “haijulikani” moja ndani yake hauwezi tena kuwa kweli. Unakuwa si kweli, au unabaki haijulikani. Kisha sharti la WHERE hupitisha mistari ambayo ni kweli tu.

Kwa hiyo mashine haikukosea. Hilo lilinichukua siku kadhaa kulikubali. Mashine ilisema: hakuna mtoto hata mmoja ambaye nina hakika kwamba hajachanjwa. Mimi nikasoma: hakuna mtoto ambaye hajachanjwa. Sentensi ya kwanza ilikuwa ya kweli kabisa. Miongoni mwa wale 61 huenda kweli alikuwemo yule aliyechanjwa bila namba, na hakuna aliyejua ni yupi. Mashine ilikuwa na uangalifu kuliko mimi, tatizo ni kwamba uangalifu wake ulitoka ukiwa umevaa nguo zilezile za habari njema. “Siwezi kusema” na “hakuna” huonekana sawa kwenye skrini. Vyote ni mistari sifuri.

Wazo la kuweka kitu katikati ya kweli na si kweli ni la zamani kuliko kompyuta. Aristotle alijiuliza juu ya vita vya majini vya kesho: je, leo hii tayari ni kweli kwamba vitapiganwa, au tayari si kweli? Mwaka 1920 Jan Łukasiewicz, mwanamantiki wa Poland, alichapisha mantiki yenye thamani tatu badala ya mbili. Nusu karne baadaye, mwaka 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM kule California, aliandika makala iliyopendekeza data zote zipangwe katika majedwali yanayohusiana, na ndipo zilipotoka kanzidata tunazotumia hadi leo benki, hospitali na vyuoni. Baadaye akalazimika kujibu swali la kisanduku kitupu. Akachagua thamani ya tatu.

Lakini kuwa na thamani ya tatu hakumalizi kazi. Lazima mtu aamue afanye nini nayo mlangoni, na mlangoni kuna kupita au kutopita, hakuna kusimama kizingitini. Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila anayejifunza lugha hii aambiwe mapema. Ukiandika sharti la kuchuja majibu, yaani WHERE, “haijulikani” huhesabiwa kama hapana. Ukiandika sharti la kukagua data zinazoingia, yaani CHECK, “haijulikani” huhesabiwa kama ndiyo. Sema uzito lazima uzidi sifuri, kisha uache uzito wazi: mstari unapita. Uliza baadaye ni nani ana uzito unaozidi sifuri: mstari uleule hautoki. Lugha moja, shaka ileile, hukumu mbili. Wakati wa kuingia asiyejulikana anakaribishwa, wakati wa kuitwa jina lake halisomwi.

Nilipoliona hilo niliacha kuamini kwamba suala hili ni la mantiki peke yake. Mantiki ilikupa “haijulikani” ikaishia hapo. Nani abebe mzigo wa shaka ni uamuzi wa mtu, na mahakama zimeujua uamuzi huo kwa muda mrefu. Mshtakiwa hahukumiwi kwa shaka. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha, na ukishindwa, mtu anakwenda nyumbani hata kama hakimu moyoni hana uhakika. Uskoti, kwa karne kadhaa, ilikuwa hata na hukumu ya tatu, “haijathibitishwa”, ambayo ilimwachia mtu huru kama ile ya kutokuwa na hatia, ila ilikataa kusema kwamba hana hatia. Tumekubali shaka imfaidishe mshtakiwa kwa sababu tunajua gharama ya kukosea: mtu asiye na kosa yuko gerezani.

Sasa ligeuze. Mtoto aliyechanjwa akiwekwa kwenye orodha ya wasiochanjwa, gharama ni nini? Mhudumu anatembea bure, mama anatoa kadi, wanacheka, wanaagana. Hata akichanjwa mara ya pili, dozi ya ziada ya surua haimdhuru. Ratiba yenyewe ina dozi ya pili mtoto akifika miezi kumi na minane. Na mtoto ambaye hajachanjwa akiachwa nje ya orodha? Surua ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza haraka kuliko karibu yote tunayoyajua. Mizani haifanani hata kidogo. Swali langu la NOT IN lilikuwa limewapa watoto 61 haki ya mshtakiwa: hatuwezi kukutaja bila uthibitisho. Walichohitaji ni kinyume chake, watajwe kwa shaka. Nilikuwa nimechagua upande wa shaka bila kujua kwamba kulikuwa na uchaguzi.

Nikamuuliza sista juu ya ule mstari usio na namba. Alikumbuka. Ilikuwa siku ya gulio, mama mmoja akapita na mtoto mgongoni, anakwenda kwa dada yake, kadi ameisahau nyumbani. Umri wa mtoto ulikuwa sawa. “Sasa ningemwambia arudi kesho? Wa kesho harudi.” Akamchanja, akaandika kwenye rejesta kwamba hana kadi. Karani alipofika kwenye mstari ule akaingiza tarehe, aina ya chanjo, zahanati, na akaacha namba wazi, kwa sababu hakuijua. Nimejaribu kutafuta kosa katika mnyororo huo na sijaliona. Muuguzi alifanya alichopaswa kufanya. Karani alifanya kitu ambacho ni kigumu kuliko kinavyoonekana: alikataa kubuni.

Rafiki yangu mmoja, mhandisi wa programu, aliponisikia alitoa dawa ya haraka. Weka NOT NULL kwenye ile safu, alisema, fomu ikatae kuhifadhiwa bila namba, umemaliza. Ni ushauri ambao vitabu vinautoa na mara nyingi ni mzuri. Lakini nilijua kitakachotokea siku inayofuata ya gulio. Karani ana mstari mkononi, fomu inakataa, foleni ya rejesta inamngoja. Ataandika 0000. Au 9999. Au atachukua namba ya mtoto jirani yenye jina linalofanana. Nimewahi kukuta katika data za utafiti mtoto wa kilo 999. Mtu alipewa kisanduku cha lazima na hakuwa na mizani. Kadi ya bibi yangu ya mpiga kura inasema alizaliwa tarehe 1 Januari. Bibi mwenyewe anasema alizaliwa wakati wa mavuno, mwaka anaukadiria. Alipofika mbele ya dawati fomu ilidai siku na mwezi, naye hakuwa navyo, mwandikishaji akampa siku ya mwaka mpya. Waulize marafiki zako kuhusu bibi na babu zao. Tuna kizazi kizima cha wazee waliozaliwa usiku mmoja. Fomu isiyoruhusu “sijui” haiondoi kutojua, inakufunika tu, na kilichofunikwa hakipangwi mwisho wa orodha ambako mtu aliyechoka anaweza hatimaye kukiona.

Wakubwa wa fani hii wenyewe hawakuafikiana. Chris Date, aliyefanya kazi karibu na Codd na kuyaeneza mawazo yake kuliko pengine mtu yeyote, amepinga NULL kwa miaka mingi. Kwake ni kitu kinachoharibu mantiki safi ya majedwali na tungekuwa salama zaidi bila nacho. Codd alikwenda upande mwingine. Katika kitabu chake cha 1990 alitaka alama mbili badala ya moja: moja ya kitu kilichopo ila hatukijui, nyingine ya kitu ambacho hakihusiki kabisa. Tarehe ya kuzaliwa ya bibi ni ya aina ya kwanza, ipo, alizaliwa siku fulani. Jina la mume wa mtu ambaye hajaolewa ni la aina ya pili. SQL haikuzichukua alama mbili, ikabaki na moja. Mimi ningeongeza hata ya tatu. Kwenye jedwali la watoto kuna safu ya jina la baba, na visanduku vitupu vya safu hiyo si vyote ni vya kutojua. Baadhi ya akina mama wanajua vizuri sana. Wameamua tu kwamba karani si mtu wa kuambiwa. Ukimuuliza sista ni yupi ni yupi atakutazama kwa jicho ambalo litakufanya usiulize tena, na nadhani ni sawa. Siyo kila kimya ni upungufu wa data.

Narudi kwenye kufurahi kwangu, maana ndilo jambo ambalo sijalimaliza.

Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza William Kingdon Clifford alichapisha insha kuhusu maadili ya kuamini. Anaanza na mwenye meli. Meli ni kuukuu, imekwisha kufanyiwa matengenezo mara nyingi, na watu wamemdokeza kwamba huenda haifai kusafiri. Ndani yake kutapanda wahamiaji na familia zao. Mwenye meli anasumbuka, kwa kuwa matengenezo ni gharama. Kisha taratibu anajituliza: imevuka dhoruba ngapi ikarudi salama? Mungu hawezi kuziacha familia zote hizo. Anaifukuza shaka mpaka anaamini kwa moyo mweupe, anaiaga meli bandarini, na inapozama katikati ya bahari anachukua fedha za bima. Clifford anasema ana hatia ya vifo vile, na kuamini kwake kwa dhati hakumsaidii, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anaongeza jambo gumu zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ileile. Isingegundulika tu.

Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyonihusu, kwa sababu meli yangu ilifika. Nilipotuma barua pepe ya pili, ambayo ilikuwa ngumu kuandika kuliko swali lolote la kanzidata, wahudumu walitoka na majina 61. Wengi wa watoto waliletwa ndani ya wiki mbili. Wachache walikuwa wamehama. Wawili walikwisha kuchanjwa wilaya nyingine. Hakuna aliyeugua. Msimamizi wangu, ambaye ni mtu muungwana, alisema bahati nzuri hakuna kilichotokea, na akamaanisha kunifariji. Nilishukuru. Lakini nilikwisha kumsoma Clifford, na neno “bahati” halikunitosha. Barua pepe ya kwanza ilikuwa barua pepe ileile, iwe mtoto ameugua au hakuugua.

Kuna kitu hata hivyo kinachonitofautisha na mwenye meli, na sijui kama kinanisaidia au kinanizidishia. Yeye alikuwa na shaka akaiua. Mimi sikuwa nayo. Sikupambana na dhamiri saa tisa ile alasiri. Hakukuwa na pambano. Kwa muda nilijitetea hivyo: mtu hawezi kulaumiwa kwa kutojibu swali ambalo halikumjia. Lakini kwa nini halikunijia? Mwezi uliotangulia orodha ilikuwa na majina zaidi ya hamsini. Nilikuwa naijua namba hiyo, niliichapa mwenyewe. Mwezi mmoja haumalizi hamsini. Kila kilichohitajika ili shaka ije kilikuwepo mezani, karibu na dirisha, ila jibu lilikuwa zuri.

Nina jaribio dogo ninalojifanyia. Fikiria siku ile kanzidata ingenijibu watoto 600. Ningetuma barua pepe? Hata kidogo. Ningesema haiwezekani, ningelikata swali vipande mara moja, ningepanga namba, ningefika mpaka mwisho wa orodha kabla ya saa kumi na moja. Ujuzi wa kutafuta hitilafu niliokuwa nao Jumatatu ya baada ya simu ya sista nilikuwa nao vilevile Ijumaa ile. Niliutumia tu pale nilipochukizwa. Jibu baya nilikuwa nalihoji kama askari, jibu zuri nalikaribisha chai.

Anayemtetea mtu kama mimi atasema hatuwezi kuhoji kila kitu. Ni kweli. William James alimjibu Clifford mwaka 1896 kwa hoja ya namna hiyo: anayeogopa kudanganyika kuliko kitu kingine chochote atakosa kweli nyingi, na kuna nyakati maisha hayasubiri ushahidi. Sista naye hakusubiri kadi. Lakini naona sista na mimi hatukuwa katika hali moja. Yeye alitenda bila kujua, akaandika kwamba hajui. Mimi nilitenda bila kujua nikaandika “hongereni timu”.

Sijapata jibu la kama mtu anaweza kulaumiwa kwa shaka ambayo haikumjia. Naelekea kuamini anaweza, kwa sababu shaka haziji zenyewe tu kama mvua. Tunaziitia au tunazifungia mlango kwa mazoea ya miaka, na mazoea ni yetu. Lakini naona pia kwamba mtu anayesema hivyo anajitwisha kazi isiyo na mwisho, na kuna siku nachoka natuma tu.

Swali la mwezi siku hizi linatumia NOT EXISTS, ambayo haitishwi na kisanduku kitupu. Kabla ya kutuma naliuliza na kwa njia ya pili na kulinganisha na mwezi uliopita. Safu ya namba bado inaruhusu kuachwa wazi. Nilimwomba msimamizi iachwe hivyo, na kazi ya kukumbuka iwe yangu. Chini ya majina kuna mstari niliouongeza: chanjo zilizotolewa kwa watoto wasiojulikana. Mara ya kwanza ulisomeka 1. Sista aliponipigia kuthibitisha kwamba orodha imefika, nilimwambia yule wa gulio bado hatujampata, sijui ni mmoja wa hawa au ni mtoto wa mbali.

“Umemwandika?”

“Nimemwandika, sista. Bila namba.”

“Basi akija na kadi nitakwambia.”

Mwezi uliopita mstari ule ulisomeka 4. Ulikuwa msimu wa mavuno, na watu walikuwa wanatembeleana.